Malaika ya Jani: Kwa Nini Wataalamu wa Mimea Bado Wanachora

"Hilo linatoka Uholanzi, dada," kijana anayeuza maua kando ya barabara aliniambia, huku akiinua kikopo cha plastiki kana kwamba ameshika yai. "Haya ya Ulaya hayataki jua kali. Ukiliweka nje, umelizika."

Ua lenyewe lilikuwa dogo. Majani yake manene yalikuwa yamelala duara kama sahani, na katikati kumesimama kishada cha maua ya zambarau, kila moja na kitone cha njano. Nililitambua palepale. Madukani lina majina mengi, lakini Wajerumani walilipa jina lisiloficha kwao: Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara. Ni la Tanga. Limeondoka kwenye miamba ya kivuli na unyevu ya mkoa ule, likapanda meli, likazunguka dunia kwa zaidi ya miaka 130, kisha likarudi Dar es Salaam kama mgeni, kwa bei ya mgeni. Sikumbishia kijana. Nililipa, nikalipakata ndani ya daladala hadi nyumbani.

Jumamosi nililiweka mezani karibu na dirisha, nikachonga penseli, nikakaa kulichora. Mimi si mchoraji. Mara ya mwisho kuchora ua ilikuwa kidato cha nne, katika maabara yenye harufu ya spiriti, ua la haibiskasi limepasuliwa kwa wembe na kulazwa juu ya kigae. Sheria tulizijua kama sala: penseli iliyochongeka, mstari mmoja usiokatikakatika, hakuna kutia kivuli, mistari ya majina ipigwe kwa rula na isipitane, na chini uandike umekuza mara ngapi. Mwalimu wetu wa Biolojia alikuwa na kauli moja aliyoirudia akipita nyuma ya viti: "Chora unachokiona, si unachokijua." Alinikata alama kwa sababu ua langu lilikuwa zuri mno. Lilifanana na la kitabuni, ilhali lililokuwa mbele yangu lilikuwa limetafunwa nusu na mdudu.

Nilikuwa sijabadilika. Saa nzima ya kwanza nilichora nilichokijua: petali tano zilizo sawa, kama nyota. Ilinibidi nifute zote. Petali mbili za juu ni ndogo, tatu za chini ni pana. Kile kitone cha njano nilichokiona barabarani ni vyavulio viwili tu, vimenona, vimeshikana uso kwa uso kama watu wanaonong'onezana. Halafu nikaona kitu kilichonifanya niweke penseli chini. Ule mrija mwembamba unaotoka kwenye ovari kwenda kupokea chavua haukusimama katikati. Umeinama kushoto. Nikatazama ua la pili: umeinama kulia. Nikahesabu kishada kizima, kushoto, kulia, kulia, kushoto. Wataalamu wanajua habari hiyo siku nyingi. Ni maua yanayotazamana kama mtu na kioo chake. Mimi nilikuwa nikiyaona maua haya kwenye madirisha ya watu tangu utotoni na sikuwahi kuliona hilo hata siku moja.

Na bado sijafika kwenye malaika. Nasema malaika yale ya mwilini, yanayosimama mtu akihisi baridi. Jani la urujuani wa Usambara limejaa malaika, mengine marefu, mengine mafupi, na ukitaka kuyachora lazima uligeuze jani uliangalie kwa ubavu dhidi ya mwanga. Tutarudi kwenye malaika hayo, maana yamewasumbua watu wenye akili kunizidi.

Hadithi ya ua hili kwenye sayansi kwa kawaida huanza mwaka 1892, pale Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa eneo la Tanga, alipoliokota na kumpelekea baba yake Ujerumani. Baba akalikuza, akamfikishia Hermann Wendland, mkuu wa bustani za kifalme za Herrenhausen, Hannover. Mwaka 1893 Wendland akalichapisha kama jenasi mpya, Saintpaulia, na spishi mpya, ionantha, akiambatanisha picha ya rangi iliyochorwa. Miaka miwili baadaye likatoka tena katika Curtis's Botanical Magazine la Uingereza, kwenye bamba, yaani ukurasa wa picha, namba 7408.

Lakini Baron hakuwa wa kwanza. Mwaka 1884 John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar ambaye kabla ya siasa alikuwa mtaalamu wa mimea wa msafara wa Livingstone kule Zambezi, alishapeleka mmea huo kwenye bustani ya mimea ya Kew, London. Mwaka 1887 mmisionari W. E. Taylor wa Mombasa naye akaupeleka. Huyu Taylor ndiye yuleyule aliyekusanya methali za Waswahili na kusaidia mashairi ya Muyaka yasipotee. Sampuli zote mbili zilifika Kew zikiwa zimekaushwa, na hazikutosha kumwezesha mtu kueleza spishi mpya. Zikawekwa. Kumbe Taylor alijua kuhifadhi maneno kuliko maua.

Simcheki. Kukausha ua la aina hii ni kazi ya kuvunja moyo. Unalilaza kati ya magazeti, unalikandamiza kwa mbao na mikanda, unabadilisha magazeti kila siku hadi unyevu uishe. Mmea mgumu kama mkwaju hutoka vizuri. Hata baada ya miaka 200 utautambua. Lakini ua lililojaa maji huporomoka. Petali hugandana, zambarau huwa kahawia, umbo la kikombe huwa doa bapa. Kilichobaki ni maiti ya ua, na maiti hasemi petali zake zilikuwa zimekaaje. Alichokuwa nacho Wendland, ambacho wenzake wa Kew hawakuwa nacho, ni mmea hai mezani. Na alichowaachia wote waliokuja baada yake, wasioweza kufika Tanga wala Hannover, ni mchoro.

Hapo ndipo mchoraji wa mimea anapoingia, na watu wengi humdhania kuwa ni mpambaji. Wanafikiri mtaalamu amemaliza kazi yake, kisha anaitwa fundi wa rangi aje kuremba ukurasa. Mambo hayaendi hivyo.

Chukua kazi ya kawaida kabisa ya hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa. Mchoraji hupewa karatasi ngumu iliyobandikwa tawi kavu lililokusanywa labda na mtu aliyekwisha kufa. Huchukua bikari na kupima: urefu wa jani, upana wa kikonyo, umbali kati ya jani na jani. Kisha huomba ruhusa ya kunyofoa ua moja, maana ua moja likiharibika halirudi. Hulichemsha kidogo kwenye maji hadi lilainike, hulifungua chini ya hadubini kwa sindano mbili, petali moja baada ya nyingine, na kuchora kila kipande kabla hakijakauka tena. Katikati ya ukurasa hukaa tawi katika ukubwa wake halisi. Kuzunguka tawi hupangwa vipande vyenye herufi: A jani kwa chini, B ua lililopasuliwa, C stameni, D ovari iliyokatwa kama kitunguu, E tunda, F mbegu. Ua limetoka kwenye sampuli ya mwezi wa Machi, tunda kwenye sampuli ya Agosti, mbegu kwenye bahasha iliyosahaulika pembeni. Mmea huo mzima, wenye ua na tunda bivu kwa pamoja, haujawahi kuota popote duniani. Umeota kwenye karatasi.

Na wakati anachora, hubishana. Mtaalamu ameandika kwamba jani lina malaika pande zote. Mchoraji, ambaye amelitazama jani hilo kwa saa nne mfululizo, anasema upande wa chini tu. Mtaalamu amehesabu stameni nane. Mchoraji amechora nane, akaikuta ya tisa imejificha nyuma. Neno linaweza kukwepa. Unaweza kuandika kwamba petali "kwa kiasi fulani zimechongoka" na msomaji akaridhika. Mstari hauwezi kusema kwa kiasi fulani. Lazima uamue ncha inaishia wapi.

Matilda Smith aliifanya kazi hii Kew kwa zaidi ya miaka 40. Alianza kuchorea Curtis's Botanical Magazine mwaka 1878 na akalichorea zaidi ya mabamba 2,300. Mwaka 1898 akawa mchoraji rasmi wa kwanza wa Kew. Sifa aliyoachiwa na wataalamu waliofanya naye kazi inanigusa kuliko hesabu hiyo: alijulikana kwa kuchukua sampuli kavu, bapa, yenye upungufu, na kuirudishia uhai kwenye karatasi. Jarida hilo lilianza mwaka 1787 na hadi leo linatoka. Hadi mwaka 1948 rangi zake zilipakwa kwa mkono, nakala moja moja. Nikifikiria mikono iliyopaka zambarau ileile mamia ya mara, naona aibu kulalamika kwa saa zangu tatu.

Rangi zenyewe ni balaa jingine. Zinaondoka kwanza. Ferdinand Bauer, Mwaustria aliyezunguka Australia na nahodha Flinders kati ya 1801 na 1803, aligundua kwamba hawezi kupaka rangi kila mmea kabla haujanyauka. Akatumia namba. Alichora kwa penseli na kujaza mchoro tarakimu ndogondogo, kila tarakimu ikisimamia rangi moja kati ya mamia aliyokuwa ameyapanga, halafu akapaka rangi zenyewe baadaye huko Ulaya, miezi na bahari nyingi baada ya ua kufa. Waliokuja kulinganisha picha zake na mimea hai wanastaajabu jinsi zinavyooana.

Sasa niruhusu nikuhamishie pwani, kwa mti ambao hakuna msomaji asiyeujua.

Katika elimu ya mimea kila jina la kisayansi limefungwa kwenye kitu kimoja kinachoshikika. Kwa kawaida ni sampuli kavu katika hebaria fulani. Ukitokea ugomvi, kwamba mmea huu ndio huo au sio, watu hurudi kwenye sampuli hiyo kama vile wenye shamba wanavyorudi kwenye jiwe la mpaka. Ni shahidi wa jina. Je, shahidi wa jina la mnazi ni nini? Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliuita Cocos nucifera mwaka 1753, lakini jaribu kuukandamiza mnazi ndani ya magazeti. Kuti moja tu linampita mtu urefu. Nazi ndiyo kabisa.

Shahidi wa mnazi ni mchoro. Umo katika juzuu ya kwanza ya Hortus Malabaricus, kitabu kikubwa kilichochapishwa Amsterdam kati ya 1678 na 1693 katika juzuu 12, kikieleza mimea zaidi ya 700 ya pwani ya Malabar, India. Aliyekisimamia ni Hendrik van Rheede, mtawala wa Kiholanzi wa Cochin, lakini elimu iliyomo ilitoka kwa wenyeji, akiwemo mganga Itty Achudan, aliyejua jina na matumizi ya kila jani. Mnazi umo mwanzoni kabisa, umepewa mabamba manne, na juu yake limeandikwa jina la Kimalabari: Tenga. Kwetu tenga ni kapu, na huko ni nazi yenyewe. Wenye kupenda kuchambua maneno wasije wakapumbazika na mfanano huo. Linnaeus hakuwahi kukanyaga India. Aliuona mnazi pale kwenye karatasi. Mwaka 1979 wataalamu wawili wa minazi, wakitafuta jina hilo lifungwe wapi rasmi, waliteua michoro hiyo. Kwa hiyo kila mnazi wa Mafia, Bagamoyo na Lamu, kila dafu unalokatiwa ufukweni, kisheria unajibu kwa karatasi iliyochorwa Malabar zaidi ya miaka 300 iliyopita.

Hali ni hiyohiyo kwa mimea mingi aliyoipa majina Linnaeus. Hakuwa na sampuli. Alikuwa na picha. Kanuni za kimataifa za majina ya mimea zilikaza jambo hili baadaye: tangu tarehe 1 Januari 2007 spishi mpya sharti ifungwe kwenye sampuli halisi, na mchoro unakubaliwa tu kwa mwani na kuvu wadogo wa kuonekana kwa hadubini, pale ambapo kuhifadhi sampuli kuna ugumu wa kiufundi. Ni sawa kabisa. Mchoro haukupi vinasaba. Huwezi kuukata kipande upeleke maabara. Lakini majina ya zamani hayakufutwa, na mnazi umebaki palepale.

Michikichi na jamaa zake wamebaki pia kuwa rafiki wa wachoraji hadi leo. Mwaka 2008 ulipotangazwa mti wa Tahina spectabilis wa Madagaska, jitu la jamii ya minazi linalochanua mara moja tu katika maisha yake kisha hufa, aliyeuingiza kwenye ukurasa mmoja alikuwa Lucy T. Smith, mchoraji wa Kew. Mti wenye majani ya mita kadhaa, na ua la milimita chache, kwenye karatasi moja. Kamera haina namna ya kufanya hivyo.

Kuhusu zamani za kale nitapita haraka, kwa kuwa mada hii ina tabia ya kugeuka orodha ya wafalme. Inatosha kusema kwamba Mrumi Pliny, katika karne ya kwanza, alikwisha kulalamika kwamba picha za mimea hazifai: wanaozinakili huziharibu kila mara, na picha moja huonyesha mmea katika msimu mmoja tu ilhali mmea hubadilika mwaka mzima. Malalamiko yote mawili yalikuwa ya haki. La kwanza lilitibiwa na uchapaji, kwa sababu kibao kimoja cha mti hutoa nakala elfu zisizotofautiana. La pili lilitibiwa na ujasiri. Mwaka 1542 Mjerumani Leonhart Fuchs alitoa kitabu chenye picha zaidi ya 500, na humo mti mmoja wa matunda unaweza kubeba maua, matunda mabichi na matunda yaliyoiva kwa wakati mmoja. Nampenda Fuchs kwa jambo jingine. Karibu na mwisho wa kitabu aliweka picha za mafundi wake watatu: Albrecht Meyer aliyechora kutoka kwenye mimea hai, Heinrich Füllmaurer aliyehamishia michoro kwenye vibao, na Veit Rudolf Speckle aliyechonga. Wako kazini, vifaa mkononi. Wachoraji wengi waliowafuata hawakupata hata herufi mbili pembeni ya ukurasa.

Afrika Mashariki jina linalojulikana katika fani hii linajulikana kwa sababu nyingine kabisa. Ukimtaja Joy Adamson, watu wanamkumbuka simba Elsa. Lakini kabla ya simba kulikuwa na maua. Alizaliwa Friederike Gessner mwaka 1910 katika mji ambao leo uko Jamhuri ya Cheki, akaja Kenya mwaka 1937, na mwaka uliofuata akaolewa na Peter Bally, Mswisi aliyekuwa mtaalamu wa mimea wa Makumbusho ya Coryndon, Nairobi. Bally ndiye aliyempa jina la Joy. Walipokuwa kwenye milima ya Chyulu alianza kuchora maua waliyokusanya, na mumewe akamsukuma aendelee. Michoro yake ikaingia kwenye vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki, ikampatia medali ya dhahabu ya Grenfell kutoka Uingereza katika miaka ya 1940, na mkusanyiko wake ukabaki kwenye makumbusho ya Nairobi. Baadaye ndipo alipochora watu wa makabila ya Kenya, na baadaye zaidi ndipo akaja Elsa. Kuna watu wanaodhani michoro ile ya maua ilikuwa mapitio ya kijana asiyejua atakalofanya maishani. Naona kinyume. Aliyezoea kukaa mbele ya ua hadi limwonyeshe lilivyo hakushindwa kukaa mbele ya mtoto wa simba.

Kazi kubwa zaidi ya eneo letu, hata hivyo, haina nyota. Ni Flora of Tropical East Africa, mfululizo uliokusudia kueleza kila mmea wa porini wa Kenya, Uganda na Tanzania. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1952, ya mwisho mwaka 2012. Miaka 60, spishi zaidi ya 12,000. Ndani yake, katikati ya maelezo makavu yanayoweza kumlaza bundi, mmejaa mabamba ya wino mweusi, mengi yakiwa yamechorwa kutokana na sampuli za hebaria. Hebaria kuu ya Afrika Mashariki ilianzia Amani, Usambara, wakati wa Wajerumani, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Maua ya Tanga huwa na safari ndefu.

Na hapa ndipo malaika yanarudi. Mtaalamu wa bustani ya mimea ya Edinburgh, B. L. Burtt, ndiye aliyezipanga spishi za urujuani wa Usambara katikati ya karne iliyopita. Kwa vile maua yanafanana mno, alitafuta tofauti kwenye majani: malaika marefu au mafupi, yamesimama au yamelala, yamechanganyika au ni ya aina moja. Kufikia miaka ya 1960 alikuwa na spishi zipatazo 20. Kwa muda mrefu mtu aliyetaka kujua ameshika urujuani gani alilitazama jani ubavuni kwa lenzi, kama nilivyofanya mimi pale dirishani bila kujua nafuata nyayo za nani. Lakini malaika hayakuwa mashahidi waaminifu. Mimea ya bonde moja ilionyesha mchanganyiko, na uchunguzi wa vinasaba haukukubaliana na mipaka iliyochorwa. Mwaka 2006, Iain Darbyshire alipoiandika familia hiyo kwa ajili ya Flora, alibakiza spishi sita tu. Mwaka 2015 jenasi yenyewe ya Saintpaulia ikavunjwa na kuingizwa ndani ya Streptocarpus. Baron amebaki na heshima ya jina la kundi dogo ndani ya jenasi.

Utasema basi michoro ilipotosha. Sidhani. Malaika yalichorwa kama yalivyo, na bado yako vilevile. Kilichobadilika ni uzito ambao watu waliyapa. Aliyekuja kumpinga Burtt alianza kwa kuyaona malaika yaleyale. Hata hivyo hatari ipo, na si ndogo. Mchoraji huchagua. Jani lililotobolewa na mdudu analiziba, tawi lililopinda analinyoosha, kati ya mimea kumi anatengeneza mmoja wa wastani. Huo wa wastani ukishachapwa, wenye macho mavivu hutupa porini kila kisichofanana nao. Mwalimu wangu angekata alama.

Kwa nini basi tusipige picha tu, na kila mtu ana simu? Nilipiga. Nilipiga picha kumi na saba za ua langu. Katika picha yenye vyavulio vinavyoonekana vizuri, petali za nyuma zina ukungu. Yenye petali nzuri haina malaika. Yenye malaika ina kivuli cha mkono wangu. Zipo kamera za kupiga tabaka kwa tabaka na kompyuta ikaunganisha, na hadubini za elektroni zinazoonyesha chembe ya chavua kama jabali. Sizidharau, na hebaria za leo haziwezi kuishi bila hizo. Lakini kamera hupokea vyote kwa haki sawa, vumbi na petali, doa la maji na mshipa wa jani. Haijui kipi ni cha mmea na kipi ni cha siku hiyo. Mchoraji anajua, au analazimika kujua kabla hajashusha kalamu. Kauli ya mwalimu wangu ilinifaa mimi wa kidato cha nne, niliyekuwa sijui kitu. Mchoraji wa mimea huchora anachokiona na anachokijua kwa pamoja, na ustadi wake wote uko katika kutoruhusu kimoja kikidanganye kingine.

Lipo pia jambo ambalo sijalisoma popote ila nimeliona kwa macho: fotokopi. Kitabu cha Mbuya na wenzake cha miti na vichaka vyenye manufaa Tanzania, kilichotoka mwaka 1994, kina michoro ya mistari myeusi na majina ya miti kwa Kiswahili na lugha za wenyeji. Nimewahi kukuta ukurasa wake ukiwa umetolewa nakala ya nakala ya nakala, umebanwa ukutani kwenye kitalu cha miche, karatasi imekuwa njano na imelowa mara kadhaa. Mchoro ulisomeka. Jani, ua, tunda, vyote viko pale. Picha ya rangi ingekuwa imegeuka wingu la kijivu kwenye nakala ya pili. Pliny alihofia nakala, na kwa picha za brashi alikuwa na haki. Mstari mweusi uliokolezwa vizuri unavumilia hata mashine ya steshenari ya stendi.

Jumanne nilirudi kwa yule kijana na mchoro wangu umekunjwa kwenye daftari. Si mchoro wa kujivunia. Nilimwambia ua lake ni la Tanga. Akacheka, akasema basi atapandisha bei. Nikamwonyesha mrija ulioinama. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akaenda kwenye safu ya vikopo, akachuchumaa, akaanza kuyageuza maua moja moja kwa ncha ya kidole. "Huyu kushoto," alisema. "Huyu kulia. Huyu naye kulia." Nyuma yetu mama mmoja alikuwa amesimamisha gari anapiga honi, anataka kujua bei ya mchongoma, na kijana bado amechuchumaa.